Nani anamuulizia mgonjwa wa presha asiporudi?

Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya, Mganga Mkuu wa Serikali, Mganga Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, na waganga wafawidhi wa hospitali za umma za jiji hili

Waheshimiwa,

Shikamooni ninyi mlionizidi umri. Ninyi wengine, ambao baadhi yenu niliwashika mkono siku ya kwanza kushona kidonda mkiwa mafunzoni, hamjambo wanangu.

Hapa mezani kwangu kuna daftari ambalo si langu. Ni daftari la shule, jalada limezungushiwa selotepu, na juu yake mtu ameandika kwa herufi kubwa: KLINIKI YA PRESHA. Mwenyewe ni jirani yangu hapa Tandika, fundi cherehani, mwanamume wa miaka 53. Ukurasa wa mwisho wenye maandishi ni wa mwezi Mei. Presha 178/104, majina ya dawa mbili, na chini yake maneno manne: "Rudi baada ya mwezi." Kurasa zinazofuata ni tupu. Hakurudi. Novemba aliamka mkono wa kulia haushiki na mdomo umekwenda upande. Sasa cherehani imefunikwa kanga barazani, mkewe anakaanga maandazi alfajiri, na mtoto wao wa pili amesitishwa shule ya kulipia.

Kwa nini hakurudi? Mkewe anasema alijisikia mzima, na kazi za sare za shule zilikuwa nyingi. Sababu ya kawaida kabisa, nimeisikia mara elfu. Hilo halikunishangaza. Kilichonikosesha usingizi ni kwamba kwa miezi sita hakuna mtu hospitalini aliyejua kuwa hajarudi. Wangejua wakapuuza, ningekuwa na mtu wa kumlaumu. Hawakujua, kwa sababu habari zote za ugonjwa wake zilikuwa kwenye mfuko wa plastiki chini ya godoro lake. Hospitali yenyewe (jina nalihifadhi, maana ingeweza kuwa yoyote kati ya zenu) haikuwa na mahali panaposema kwamba mtu huyu yupo, alitakiwa tarehe fulani, na hakufika.

Na kwenye kiwanja hichohicho, hatua chache kutoka dirisha la presha, kuna kliniki ambayo isingempoteza.

Nimekuwa muuguzi wa serikali miaka 34, nikastaafu 2021. Miaka 12 ya mwisho nilikuwa CTC, kliniki ya watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Ninyi mnaijua kwa ripoti, niruhusuni niwaonyeshe kwa macho ya aliyekaa pale. Jioni tunatoa kabatini mafaili ya watakaokuja kesho na kuyapanga. Mteja akifika asubuhi hatafutiwi faili, faili ndilo linalomsubiri yeye. Saa tisa alasiri mafaili yaliyobaki mezani ni ya ambao hawakutokea, na hapo ndipo kazi yenyewe inapoanza. Tunawapigia simu. Asiyepokea anapigiwa kesho yake. Simu isipopatikana, jina linakwenda kwa mhudumu wa jamii wa mtaa ule, ambaye mara nyingi naye yumo kwenye dawa na anazijua njia za uchochoroni. Anakwenda bila sare wala gari lenye nembo, kama shangazi aliyepita kusalimia. Namkumbuka dada mmoja wa Mbagala tuliyemtafuta siku tisa. Kumbe alikuwa Mkuranga akimuuguza mama yake. Tukampangia achukulie dawa hukohuko.

Neno tulilotumia kwa asiyekuja ni "mtoro". Silipendi, linamfanya mtu mzima aonekane mtoto mkaidi. Lakini mtu haitwi mtoro kabla hajaandikwa kwenye daftari la mahudhurio. Jirani yangu hakupata hata heshima hiyo.

Halafu kuna jambo la pili. Mteja wa CTC aliyetulia, ambaye virusi vyake vimeshuka kiasi cha kutoonekana kwenye kipimo, hasumbuliwi kuja kila mwezi. Anapewa dawa za miezi mitatu, na siku hizi hata sita. Mabenchi yalipungua watu, tukapata muda wa kuzungumza na wale wenye shida kweli.

Sasa mimi mwenyewe nina presha, miaka minne. Naamka saa kumi na moja alfajiri, saa moja niko mapokezi. Foleni ya kadi, foleni ya kupimwa, foleni ya daktari, foleni ya malipo, foleni ya dawa. Daktari, kijana mpole aliyechoka, anafungua daftari langu na kuniuliza, "Mama, ulikuwa unatumia dawa gani?" Aliniuliza mwezi uliopita pia. Saa saba mchana natoka na vidonge vya siku 30, vilevile, dozi ileile, nyumbani wakinisubiri na njaa. Kompyuta zipo, na mfumo unajua nimelipa kiasi gani tangu nianze. Lakini nilipomuuliza binti wa takwimu ni wangapi wa presha ambao hawajarudi mwezi huu, alicheka kwa aibu. Akasema hajawahi kuulizwa.

Hajawahi kuulizwa. Barua yangu yote imo kwenye maneno hayo mawili.

Utafiti wa kitaifa wa 2012 ulikuta kwamba katika Watanzania wa miaka 25 hadi 64, mtu mmoja kati ya wanne ana presha ya juu, na karibu mmoja kati ya kumi na moja ana kisukari. Sensa ya 2022 imehesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu. Pigeni hesabu wenyewe, mimi imenitisha. Huu si ugonjwa wa wachache wa kubebwa na kliniki ya siku moja kwa wiki.

Kwenye semina nyingi nilizokaa, swali la kwa nini hospitali hazibadiliki lilijibiwa kwa neno "mtazamo". Watumishi wabadili mtazamo. Tulikunywa soda, tukapokea posho, tukarudi kazini. Jibu hilo silikubali, kwa sababu wauguzi wa CTC na wa presha ni walewale. Tulikuwa tunabadilishana zamu. Nimemwona dada yuleyule Jumatatu akimtafuta kwa simu mteja aliyekosa siku moja, na Alhamisi, kliniki nyingine, akimwangalia mgonjwa wa sukari akiondoka bila dawa na asiandike popote. Mtazamo hauvuliwi mlangoni kama koti.

Tofauti ni kwamba CTC iliulizwa, na ikapewa cha kujibia. Tangu dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa nchini kama mpango wa taifa mwaka 2004, fedha nyingi zilitoka Mfuko wa Dunia wa kupambana na Ukimwi, kifua kikuu na malaria, na mpango wa Rais wa Marekani wa kupambana na Ukimwi, na kila shilingi ilikuja na swali mgongoni. Wangapi wameanza? Wangapi bado wapo? Wangapi virusi vimeshuka? Ripoti ikichelewa siku mbili, simu inaita. Kliniki ya presha inaulizwa mahudhurio tu. Nikija mara kumi na mbili kwa mwaka, mimi ni mahudhurio kumi na mawili. Nisipokuja, hakuna tarakimu inayopungua kwa jina langu.

Fedha nazo zina swali lake, ingawa haliulizwi kwa sauti. Hospitali inalipwa kwa kila safari ninayofanya, iwe nimelipa taslimu au kwa kadi ya bima. Nikija kila mwezi, ada ya kumwona daktari ni mara kumi na mbili. Nikipewa dawa za miezi mitatu, ni mara nne. Simsingizii mganga mfawidhi yeyote kwamba anakaa ofisini akipiga hesabu hiyo. Hesabu hiyo inajipiga yenyewe. Na tusidanganyane kwamba hospitali ni nzito kubadilika. Machi 2024, NHIF, yaani Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ilipoleta kitita kipya cha bei, hospitali kadhaa binafsi zilisitisha kupokea kadi, na wagonjwa wakageuzwa mlangoni siku hiyohiyo. Mabadiliko ya siku moja! Mwaka 2020 ndoo za maji tiririka zilikaa kwenye kila geti la hospitali jijini kabla waraka haujakauka wino, kwa sababu watu waliogopa kufa. Leo vile vyuma vya ndoo vimeota kutu pembeni, vingine vinaning'inizwa madekio.

Wenzetu wa mbali walishapita njia hii. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuuliza vikundi 1,040 vikubwa vya madaktari kama vinatumia njia 16 za kusimamia wagonjwa wa muda mrefu: pumu, moyo, kisukari na sonona. Mambo ya kawaida, kama kuwa na rejista ya wagonjwa, au muuguzi wa kuwafuatilia walio hatarini. Marekani hiyo, yenye pesa, wastani ulikuwa njia tano tu. Vilivyotumia zaidi vilikuwa na mambo mawili: aliyewalipa au kuwatambua kwa ubora kutoka nje, na mfumo wa kumbukumbu unaoweza kuwajibu. Miaka tisa baadaye, Oktoba 2012, serikali yao ikaanza kuzikata fedha hospitali ambazo wagonjwa wake wa moyo na nimonia walirudi kulazwa kupita kiasi ndani ya siku 30. Hospitali zikagundua ghafla kwamba zinaweza kumpigia mgonjwa simu baada ya kumruhusu. Baadaye watafiti wakabishana vikali kama wapo waliokufa kwa sababu walikwepeshwa kulazwa tena, na mimi nawaelewa wenye wasiwasi. Ukimwadhibu mtu kwa mgonjwa kurudi, usishangae mlango ukiwa mzito.

Hatuna haja ya kwenda huko kote. Hapa jirani, mkoa wa Pwani, mwaka 2011 lilianza jaribio la kulipa vituo na watumishi kwa matokeo. Kiwango cha akina mama wanaojifungulia vituoni kilipanda kwa pointi 8.2 za asilimia, na dawa ya kukinga malaria kwa wajawazito nayo ilipanda. Vizuri. Lakini huduma zilizolengwa na kupimwa zilikuwa nane, na zilizopanda waziwazi ni hizo mbili. Fedha inanunua kitu, hainunui kila kitu.

Na amri je? Hapa nitakiri dhambi, nimestaafu na pensheni yangu natumai haitaguswa. Mwaka mmoja wasimamizi walitangaza kwamba wakija watakagua kama kila mteja amepimwa presha. Mashine yetu ilikuwa mbovu tangu mwezi wa pili. Usiku wa kuamkia ukaguzi mimi na mwenzangu tulikaa na kalamu mbili tukajaza safu ile. Ukurasa mzima, 120/80, 120/80, 110/70 ili isionekane sana, 120/80. Wasimamizi wakaja, wakapindua kurasa, wakatupongeza. Hakuna aliyeuliza inawezekanaje wateja arobaini wa Temeke wawe na presha ya wanariadha. Hakuna aliyeomba kuiona mashine. Tulipikiwa swali, nasi tukapika jibu.

Mnakumbuka pia 5S, ule utaratibu wa kupanga mahali pa kazi kwa hatua tano. Ilitoka viwandani Japani, ikapitia hospitali moja ya akina mama huko Colombo, ikaingia kwetu mwaka 2007 kupitia hospitali ya rufaa ya Mbeya, kwa msaada wa Wajapani. Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Ilipotufikia tulibandika vibandiko kila mahali. Nilikuwa na droo iliyoandikwa MKASI, kibandiko cha kijani, herufi safi, na ndani hapakuwa na mkasi. Wageni walipiga picha droo ile. Lakini stoo ya dawa mambo yalikuwa tofauti. Mfamasia wetu, mtu wa maneno machache, aliipanga stoo nzima Jumamosi mbili bila posho, dawa zinazokaribia kuisha muda mbele, mpya nyuma, kadi ya bini, ya kuandikia dawa zinazoingia na kutoka, kwenye kila rafu. Nilipostaafu bado ilikuwa hivyo. Nilimuuliza kwa nini yake haikufa. Akanijibu, "Mimi ndiye niliyekuwa natafuta zile dawa gizani." S ya tano, ile ya Shikilia, haikubandikwa na mtu pale stooni. Ilishikiliwa na yule aliyepunguziwa adha.

Nadhani hiyo ndiyo sababu mambo yalikwenda vile kule Ifakara. Mnaweza kuwa mmesahau, lakini orodha ya Shirika la Afya Duniani ya kuhakiki usalama kabla, wakati na baada ya upasuaji, ile ya vipengele 19, ilijaribiwa kwenye hospitali nane duniani, na moja ilikuwa ya hapa kwetu, Mtakatifu Fransisko, Ifakara, sambamba na za Toronto, London na Seattle. Matokeo yalitoka mwanzoni mwa 2009. Kwa hospitali zote nane kwa pamoja, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara baada ya upasuaji kutoka 11 hadi 7. Kilichonivutia zaidi ya tarakimu ni namna walivyoanza. Timu za kila hospitali zilionyeshwa kwanza mapungufu yao wenyewe, kisha zikaruhusiwa kuirekebisha orodha iendane na lugha na utaratibu wao. Mwaka uliofuata jimbo la Ontario, huko Kanada, likazitaka hospitali zake kuripoti hadharani kama zinaitumia orodha hiyo. Karibu zote zikaripoti kwamba zinaitumia kwa karibu kila mgonjwa. Watafiti wakapima katika hospitali 101, wakachapisha 2014: vifo na madhara havikushuka kwa kiasi cha kuhesabika. Karatasi ni ileile. Nilipoisoma habari hiyo nilikumbuka safu yangu ya 120/80.

Kwa hiyo, waheshimiwa, mkiniuliza mimi muuguzi wa zamani kwa nini hospitali inashika utaratibu mpya na kuacha mwingine, nitawaambia inashika ule unaoulizwa na mtu anayejua kuangalia mashine, unaojibika kwa kumbukumbu iliyopo, na unaompunguzia kazi yule anayeubeba. Ukikosa la tatu, utapata vibandiko.

Nawaandikia sasa, sikusubiri zaidi, kwa sababu aliyekuwa anauliza anaondoka. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, miradi ilisimama, na vijana waliokuwa wakitufuatilia wateja walikaa nyumbani bila kujua kesho yao. Mmoja wao, aliyefundishwa na mimi, alinipigia analia. Hakulilia mshahara kwanza. Alisema, "Mama, orodha ya leo nimpe nani?" Serikali imesema itaziba mapengo, na naamini nia ipo. Ila nawaomba msizibe pengo la CTC peke yake kisha mkaacha lile la miaka yote hapo mlango wa pili. Utaalamu wa kumfuata mgonjwa tunao, umo vichwani mwa watu wetu, haupo kwenye kontena lolote linalosubiriwa bandarini. Watu hawa wakitawanyika kutafuta riziki nyingine, tutakuja kuununua tena kwa semina.

Ninachoomba si kikubwa. Safari ijayo timu ya mkoa ikienda kwenye usimamizi shirikishi, isianze na ofisi ya mganga mfawidhi na chai. Ianze kliniki ya presha na sukari, iulize: mwezi uliopita walitakiwa wangapi, hawakuja wangapi, nani aliwapigia? Na waliokuja, wangapi presha yao imeshuka chini ya 140/90? Halafu imwombe muuguzi aipime presha ya msimamizi mwenyewe, hapohapo, kwa mashine ileile. Mara ya kwanza hakuna atakayekuwa na jibu. Msiwagombeze. Rudini mwezi unaofuata na swali lilelile. Mkiwagombeza mtapata 120/80.

Kila kliniki iwe na muuguzi mmoja mwenye jina, ambaye orodha ni yake. Kama kompyuta haiwezi, kaunta buku kubwa linaweza; tulianza hivyo CTC kabla ya mifumo, na halikuwahi kukatikiwa umeme. Mpeni vocha ya simu ya uhakika, maana wengi wetu tulipiga kwa salio letu. Wale wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mpango wao wa kitaifa mliuzindua Januari 2024, wapewe majina ya mtaani kwao. Mtu wa presha hafichi ugonjwa wake kama ilivyokuwa kwa wateja wetu. Atapatikana kirahisi zaidi.

Aliyetulia apewe dawa za miezi mitatu. Najua mtaniambia watumishi ni wachache. Ndiyo sababu hasa. Mgonjwa aliyetulia akija mara nne badala ya kumi na mbili, theluthi mbili ya safari zake zinaondoka kwenye foleni, na muuguzi mwenye orodha anapata saa zake za kupiga simu hapohapo, bila ajira mpya hata moja. Bohari ya Dawa lazima iandaliwe kwa hilo, maana dawa ya miezi mitatu isiyokuwepo ni mzaha. Anayetaka kujua kama watumishi watakubali, awaulize waliokuwa CTC tulipohama kutoka mwezi mmoja kwenda mitatu. Tulicheza.

Na kwa upande wa bima: Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 imewapa nafasi ambayo sisi hatukuwahi kuwa nayo. Mnapopanga namna ya kuvilipa vituo, tengeni malipo ya mwaka mzima kwa mgonjwa wa presha au sukari, kituo kilipwe kwa kumtunza, si kwa kumzungusha. Sehemu ndogo iachwe hadi mwisho wa mwaka, itolewe mgonjwa akiwa bado yupo kliniki. Nasema yupo, sisemi presha imeshuka, kwa makusudi. Mkilipia tarakimu ya presha, wenye presha sugu watakosa kliniki ya kuwapokea, na kalamu mbili za usiku zitarudi kazini.

Tafadhali msilete mradi mpya wenye jina la kifupi na fulana zake. Anzeni na hospitali moja ya mkoa, waacheni watumishi wake wauchane utaratibu na kuushona upya unavyowafaa, kisha hao ndio waende kuwaonyesha wa hospitali ya pili. Mfamasia wangu atawasikiliza kuliko mshauri yeyote kutoka hotelini.

Mke wa fundi ameniruhusu nije na daftari la mumewe popote nitakapoitwa. Jumanne na Alhamisi nina wajukuu. Siku nyingine zote nipo. Fundi mwenyewe ameanza kushika mkasi kwa mkono wa kushoto. Juzi alinikatia kitambaa cha mto, kimekwenda upande, nikamwambia ni mtindo. Presha yake nampima mimi kila Jumapili baada ya misa, na naiandika kwenye ukurasa unaofuata ule wa Mei.

Wenu katika kazi,

Muuguzi mstaafu
Tandika, Dar es Salaam